Bima unayo tayari, nahodha: ni mashine ya chombo chako

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mvuvi hapa Tanga, miaka 41, chombo changu kinalala Sahare na samaki nauza Deep Sea. Nina mke na watoto watatu, mdogo ana miezi saba, na nakaa na mama yangu mzazi mwenye miaka 63, ana presha. Tangu nizaliwe sijalazwa hata siku moja. Kila mkutano wa mtaa tunaambiwa tukate bima ya afya. Mie naiona hela ya bure: nisipougua imekwenda, na nikiugua nasikia wenye kadi nao wanaambiwa dawa hakuna. Kwa nini nisiiweke kwenye kibubu changu mwenyewe? Halafu kuna shehe katuambia bima ni kamari tu. Nifafanulie.

Jibu: Marahaba, nahodha. Umekuja na maswali matatu, na hilo la shehe nakushukuru kwa kulisema wazi, maana wengi huku mwambao wanalo moyoni, wakiulizwa kwa nini hawana kadi wanasema "hela hakuna". Nitalifikia.

Kwanza nikusahihishe kidogo. Unasema huna bima. Unayo. Kila mtu anayo, tofauti ni imewekwa kwenye nini.

Kabla sijahamia upande wa bima nilikaa dirisha la malipo la hospitali moja ya mkoa huu kwa miaka tisa. Ukikaa dirishani muda huo unajifunza kusoma mikono ya watu. Mtu anakuja na karatasi ya daktari, unamtajia kiasi, anafungua noti zilizokunjwa ndani ya leso, anazihesabu, anazihesabu tena kana kwamba mara ya pili zitaongezeka. Kisha anasogea pembeni, anapiga simu. Nimeyasikia mazungumzo hayo hadi nikawa najua yanavyoishia. Neno la mwisho huwa moja: "Uza."

Uza mashine. Uza kiwanja cha Pongwe. Uza ng'ombe. Na anayenunua mashine ya boti saa tatu usiku anajua vizuri kwa nini inauzwa saa tatu usiku, kwa hiyo bei anaipanga yeye. Mgonjwa akipona anarudi nyumbani hana chombo cha kumwingizia riziki. Anakuwa baharia kwenye chombo cha mwenzake, fungu lake moja kwenye mgao, yeye ambaye juzi alikuwa anatoa fungu la chombo, fungu la mashine na fungu la nyavu.

Hiyo ndiyo bima yako ya sasa, kaka. Mashine yako, kiwanja chako ikiwa unacho, na ndugu zako. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao, na siku hizi wa kwao wanakusanywa kwenye kundi la WhatsApp: fulani kalazwa hospitali ya Bombo, tunaomba michango, dada yuleyule anayeuza maandazi anatuma 5,000 ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Kwa hiyo ukiniuliza kama ulipe au usilipe, nakujibu kwamba utalipa. Lililobaki ni ulipe kwa fungu dogo unalolijua, au kwa mashine nzima usiku wa manane.

Sasa hilo la kutolazwa. Nalisikia sana kwa wavuvi, na nina ugonjwa mmoja wa kuwajibia: ngiri. Nyie mnasukuma vyombo mchangani, mnavuta nyavu, mnabeba mashine begani maji yakitoka. Misuli ya kinena inalegea, kipande cha utumbo kinachungulia, kivimbe kinatokea ukisimama na kupotea ukilala. Hakiumi sana. Ukienda hospitali wakati huo, ni upasuaji uliopangwa tarehe: unaingia ukiwa mzima, unashonwa, unapumzika, unarudi kazini daktari akikuruhusu.

Lakini mtu asiye na kadi hasikii neno "upasuaji", anasikia "hela". Anajifunga kitambaa kiunoni, anasema baada ya Idi. Siku moja utumbo ule unachungulia, unanasa, haurudi. Damu haupati. Ndani ya saa chache unaanza kufa, mtu anatapika, tumbo linakuwa gumu kama ubao wa ngalawa. Hapo hupangiwi tarehe, unakimbizwa, na pengine utumbo unakatwa kipande. Baba yangu mdogo alipita njia hiyo. Alipona, alhamdulillahi, lakini alikuwa na kivimbe kile miaka miwili, na sote nyumbani tulikuwa tukijua.

Nimelivuta hili kwa urefu kwa sababu watu wanadhani kazi ya bima ni kulipa tu. Faida yake ya kwanza ni kwamba inakubadilishia siku ya kwenda hospitali. Mwenye kadi mkononi huenda na kivimbe. Asiye nayo huenda na utumbo uliokufa. Bei ya mambo hayo mawili hailingani, na wakati mwingine hakuna bei inayotosha.

Kibubu. Sikikatai kibubu, nina changu. Tupige hesabu. Tuseme unatupia 2,000 kila siku unayotoka, siku 20 kwa mwezi. Mwezi ni 40,000, mwaka ni 480,000, kama hukukigusa. Lakini ugonjwa haungoji Desemba. Ukija mwezi wa tatu unakuta 120,000. Na kibubu kina masikio, nahodha: kinasikia sare za shule, kinasikia nyavu zimechanika kwenye mwamba, kinasikia harusi ya mpwa wako. Hela iliyo karibu na mkono haina jina la ugonjwa.

Tofauti ya bima ni kwamba siku ya kwanza baada ya kadi kuanza kazi, nyuma yako pamesimama kikapu kizima, si kile ulichotia wewe tu. Na jambo hili wala si geni kwenu. Ninyi Sahare mna chama cha kuzikana, au hamna? Kila mtu anatoa chake kila mwezi, na mwaka ukipita bila msiba nyumbani kwako hujawahi kwenda kwa mweka hazina kudai, "Nirudishieni, mbona sikufiwa?" Unashukuru Mungu, basi. Sanda, jeneza la kuazima, chakula cha waliokuja hitimani, vyote tumevipangia. Kuzikana tumejipanga. Kutibiana ndiko kunakotushinda, na wakati mwingine hilo la pili lingechelewesha la kwanza.

Sasa sikiliza kwa nini nasisitiza uingie ukiwa mzima. Tuseme Sahare ina vyombo 100 na kila chombo kinatoa 30,000. Ni milioni 3. Mwaka huo watu watatu wanaugua vikali, kila mmoja anahitaji 800,000. Ni milioni 2.4, zinabaki 600,000 za homa na vidonda. Mambo yamekwenda. Mwaka unaofuata 80 wanasema kama unavyosema wewe, "mie siugui", wanajitoa. Wagonjwa hawajitoi, si wajinga. Kikapu kina 600,000, hakitoshi hata mgonjwa mmoja.

Usidhani ni mfano wa ubaoni. Tulishuhudia kwa Toto Afya Kadi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulikuwa unamsajili mtoto kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Bei nzuri kuliko viatu vya shule. Wazazi wengi tukangoja mtoto augue ndipo tukimbilie kumkatia. Tukaingiza watoto waliokwisha kuwa wodini, wenye afya tukawaacha nyumbani. Machi 2023 Mfuko ukasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, ukaelekeza watoto waingie kwa makundi kupitia shule. Kila mtu akalaumu Mfuko. Mimi nami nililaumu, halafu nikakumbuka binti yangu nilimkatia lini.

Ndiyo sababu Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wakati huo Watanzania wenye bima ya aina yoyote walikuwa takriban asilimia 15 tu. Miongoni mwao ni watumishi na familia zao, ambao mshahara unakatwa asilimia 3 na mwajiri anaongeza 3, hawaulizwi wanajisikiaje. Mvuvi hana mwajiri wa kumkata, inabidi ajikate mwenyewe, na hapo ndipo penye ugumu, sikufichi.

(Kuna siku napita chini ya lile jengo la zamani la Wajerumani pale Bombo, linalotazama bahari, huwa nacheka peke yangu. Ujerumani iliweka sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi wake mwaka 1883. Walipokuja huku kutulimisha mkonge walileta hospitali, wakaleta na reli. Bima wakaiacha kwao.)

Haya, dawa hakuna. Ni kweli. Ningeona haya kukwambia si kweli, nawe jirani yako ana kadi. Mimi mwenyewe nilipeleka kadi yangu kituo kimoja, nikaambiwa mtandao hausomi, nikatoa hela taslimu kwa ajili ya kipimo ambacho kimo kwenye kitita, yaani orodha ya huduma ambazo bima inalipia. Na Machi 2024, kitita kipya cha NHIF kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisusa kwa siku kadhaa kupokea wenye kadi zake kwa sababu ya ugomvi wa bei. Kwa hiyo mwenye kadi naye ana siku zake mbaya.

Lakini angalia anachokosa na anachopata. Akikosa vidonge, ananunua vidonge. Kumwona daktari, vipimo, kitanda, upasuaji, hivyo kwa kawaida havimfuati dirishani na karatasi. Na hata vidonge asikubali haraka. Ukiambiwa dawa hakuna, omba fomu ya dawa yenye muhuri, uliza duka gani la dawa lenye mkataba na mfuko wako liko karibu, uende ukachukue huko. Watu wanatoka dirishani wamenuna, wanaenda kununua duka la jirani, fomu hawakuiomba. Kama mtu wa dirisha anakuzungusha, muulize kwa upole ofisi ya bima iko chumba gani. Hospitali kubwa zina dawati lake. Swali hilo tu nimeliona likifungua mambo.

Upande wa shehe. Mimi si mwanachuoni na sitajitia kumsahihisha. Nitakwambia ninachokijua ili ukamuulize vizuri. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, lile la Jeddah, lilikaa juu ya suala hili. Lilikataza bima ya kibiashara, ile ya kampuni inayochukua michango na faida ikawa yake, kwa sababu ya utata uliomo ndani ya mkataba. Likaruhusu bima ya ushirika, ambayo wachangiaji wanatoa kwa nia ya kusaidiana. Sasa nenda kwa shehe wako, usimuulize "bima ni halali?" Muulize hivi: mfuko wa umma, hauna wenye hisa wanaogawana faida, watu wanachanga ili anayeugua atibiwe, hukumu yake ni ipi? Mwambie pia kuhusu chama chenu cha kuzikana, ambacho pengine ni yeye mwenyewe anakisomea dua kila mwaka. Jibu lake lolote, lichukue. Ila aulizwe swali lenyewe.

Tuje nyumbani kwako, maana hujaniuliza juu yao na ndio wenye hesabu kubwa kuliko wewe.

Sera ya afya inawasamehe malipo, kwenye vituo vya serikali, wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Mdogo wako wa miezi saba yumo. Mama yako ana umri, lakini neno "asiyejiweza" lina mlango wake: mtendaji wa mtaa akijua mwanawe ana chombo na mashine, anaweza kukwambia mzee huyu anajiweza kupitia wewe. Watoto wako wawili wakubwa na mkeo hawamo, labda mkeo awe mjamzito. Kwa hiyo usitegemee msamaha kuibeba nyumba nzima.

Na presha ya mama isikudanganye kwa sababu anatembea na kupika. Presha ni ugonjwa wa kumeza dawa kila siku hata akijisikia mzima, na ndiyo dawa ya kwanza kuachwa hela ikipungua. Ikiachwa, inakwenda kwa kiharusi au kwenye figo. Figo zikichoka kabisa, kusafisha damu ni mara 3 kwa wiki kwa kawaida. Hiyo ni mara 156 kwa mwaka, na mwaka unaofuata mara 156 nyingine. Hakuna mashine ya boti, hakuna kundi la WhatsApp, linalofika mwaka wa pili. Kadi ya mama kazi yake kubwa ni hizo dawa za kila mwezi na kupimwa, ili huko tusifike.

Kabla ya kulipa popote, uliza mambo matatu na usikubali kujibiwa kwa kijuujuu. Kwanza, kitita kinakomea wapi? CHF iliyoboreshwa, ule Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipoanza 2018, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu hadi 6. Bei ya kuvutia, lakini safari yake ilikuwa inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukipewa rufaa kwenda hospitali ya KCMC kule Moshi, au Muhimbili, ulikuwa mikononi mwako. Wengi walijua hilo wakiwa tayari kwenye basi. Pili, kipindi cha kungoja ni muda gani? Mifuko mingi haikuruhusu ulipe leo upasuliwe kesho, na magonjwa sugu yanaweza kuwa na muda wake. Tatu, nani anahesabiwa kuwa tegemezi wako? Mke na watoto kwa kawaida hawana shida. Mzazi ndiye wa kuulizia jina lake kabisa, usiseme "familia" ukadhani mama yumo.

Bei ya leo kachukue kwa afisa wa bima mwenyewe au zahanati ya kata yenu, kwa maandishi, na ulipe kwa namba ya malipo ya serikali. Usimpe mtu taslimu mkononi hata akiwa amevaa kitambulisho shingoni.

Namna ya kulipa. Mkutano wa mtaa unaongea lugha ya mshahara, nyie mnaishi kwa mwezi wa angani. Kama mnavua kwa taa, giza ndilo lenye hela, mbalamwezi mnashona nyavu. Mwaka una giza 12 au zaidi kidogo. Chukua mchango wa mwaka wa kaya yako, ugawe kwa giza 8 tu, zile za kaskazi na za mwanzo wa shwari, kusi ikivuma usijidai. Na fungu hilo lisitoke mfukoni mwako baada ya mgao, litoke kwenye mgao. Mnavyotoa mafuta na barafu kabla hamjagawana, toeni fungu la bima, la nahodha na la mabaharia, alishike mtu mmoja mnayemwamini. Mnaweza kwenda mkiwa kundi kupitia BMU yenu ya hapo Sahare, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia pwani. Afisa akiona watu 30 wamekuja pamoja na karatasi zao huja yeye pwani.

Na kibubu usikivunje. Bima hailipi nauli ya mkeo kwenda Moshi, hailipi chakula cha anayekuuguza, hailipi siku ambazo chombo kimelala. Kibubu hiyo ndiyo kazi yake, na kwa kazi hiyo 120,000 inatosha kabisa.

Lililobaki ni karatasi, na hapa ndipo watu hukata tamaa. Utahitaji namba ya NIDA yako, ya mkeo na ya mama, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, kile mlichopewa na BAKWATA kama mlifungia msikitini, na picha. Leo usiku vitandaze vyote juu ya mkeka, usome majina herufi kwa herufi. Nimewaona watu wakirudishwa mara tatu kwa sababu mke ni Mwanaidi kwenye NIDA na Mwana Iddi kwenye cheti cha ndoa. Ukikuta tofauti ya namna hiyo, anza nayo kabla hujafika kwa afisa wa bima. Na yule wa miezi saba, kama cheti chake bado hujakifuata, kesho ukishashusha samaki kafuate cheti hicho kwanza.